Mama wa Noti ya Ishirini

Karibuni, karibuni ndani, msisimame mlangoni mkaziba hewa. Hiyo harufu ni ya mbolea. Jengo hili lilikuwa ghala la mbolea la ushirika, kabla ushirika wenyewe haujaliwa ukaisha, na wataalamu wamekata tamaa, wanasema harufu haitoki. Mtaizoea. Mimi ndiye mwongoza wageni wa Makumbusho ya Uchapaji wa Fedha ya Taifa, ya pekee nchini, na kwa sheria hayaruhusiwi mengine. Tuna vyumba viwili na ua kwa nyuma. Wapo wageni wakiingia tu wanaguna, eti padogo. Padogo! Fedha yenyewe unaikunja inaenea kiganjani, ulitaka ijengewe uwanja wa ndege?

Kucheka hairuhusiwi chumba cha kwanza. Chumba cha pili hamtakuwa na hamu.

Haya, anzeni hapa kushoto. Hii ndiyo noti ya kwanza ya taifa letu, ilichapwa mwaka tuliojitawala, tena kwenye karatasi za kura zilizobaki. Zilibaki nyingi sana, kwa sababu uchaguzi ule matokeo yalitangazwa mapema, watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Ukiimulika utaona kwa ndani visanduku viwili vya mpiga kura: NDIYO na NDIYO KABISA. Nchi gani nyingine ina fedha yenye demokrasia ndani yake? Niambieni.

Na huu ndio mtambo wenyewe. Msiusogelee, unang'ata. Umeshakula vidole vya wachapaji kadhaa, na vidole hivyo vilizikwa kwa mizinga na bendera nusu mlingoti, wenye vidole wakarudishwa kazini mchana uleule. Nchi yetu inajua kuenzi.

Sasa tazameni noti hii ya mia. Mnamwona nani? Mtukufu Mlezi wa Taifa, ndiyo. Ana masikio mangapi? Msijibu kwa sauti. Siku hiyo wino uligoma upande mmoja, na kabla hajatokea mtu wa kuona, noti zilikuwa zimeshafika mpaka mipakani. Ikawa balaa! Mtukufu ana masikio mawili, noti ina moja, nani mwongo? Wanasheria wakajifungia wiki nzima wakila kuku wa serikali, wakatoka na Sheria ya Sura. Ni fupi, nami nitawasomea: Mtu na noti wakitofautiana, noti ndiyo ya kweli.

Basi likatakiwa sikio. Mtukufu alikuwa tayari, tena kwa moyo mkunjufu, kulitoa lake. Lakini mchapaji mkuu alimwahi akajitolea kwa niaba. Alijitolea kwa sauti kubwa mno, mpaka wakazi wa mtaa wa pili walimsikia akijitolea.

Sheria ile imetusaidia sana. Mtukufu wa kwenye noti ana miaka thelathini na kitu, nywele tele, shingo ya mpiga mieleka. Yule mwingine anayekaa Ikulu akilishwa uji kwa kijiko, kisheria ni tetesi tu.

*

Tuingie chumba cha pili. Angalieni kizingiti.

Kabati hili mnaliona tupu, na ni sahihi liwe tupu. Hapa ilikuwa noti ya ishirini ya zamani. Sasa kuwa nayo ni kosa, hata sisi makumbusho, kwa hiyo nitawaelezea kwa mdomo. Mbele alikuwepo Mtukufu, kama kawaida. Nyuma alikuwepo msichana wa miaka kumi na saba hivi, yuko katikati ya shamba la pamba, kilemba kichwani, juu ya kilemba kapu limejaa mpaka linamwagika, na anatabasamu mnaona mwanya wake. Tulimwita Binti wa Pamba. Wageni kutoka nje walikuwa wakiiona noti ile wanasema, aa, kumbe watu wa huku wameshiba.

Binti huyo aliitwa Milembe. Alipigwa picha na mpiga picha wa serikali, aliyetumwa mashambani kutafuta uso wa mkulima mwenye furaha. Maskini alizunguka wilaya nzima hakuupata. Mwishowe akamkuta Milembe anacheka na wenzake, wala hawakuwa wanacheka kilimo, walikuwa wanamcheka yeye na suruali yake iliyopasuka. Akapiga. Baadaye akamtumia nakala moja kwa hisani, na hiyo ndiyo hisani ya mwisho ambayo serikali ilimfanyia. Msimu uliofuata Milembe alipeleka pamba mnadani, akalipwa noti mpya, akaigeuza akajiona. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda dukani akanunua chumvi kwa uso wake mwenyewe.

Akaolewa. Mume alikufa kwa dawa ya kupulizia pamba, ile ya kuua wadudu, wadudu walipona. Akabaki na mtoto mmoja, Luhende, wa pekee, na mnajua mama wa mtoto wa pekee alivyo. Kijana alipokuwa mkubwa akaja hapa mjini kubeba magunia soko kuu. Siku anaondoka, mama alimpa ile nakala ya picha, akamwambia, "Iweke kifuani, mwanangu. Ukiwa na njaa mwangalie mama yako alivyokuwa hana shida." Ndivyo wanavyotiana moyo huko.

*

Sajini Kitundu alikuwa anapekua watu sokoni, kama ilivyo haki ya askari yeyote ambaye hajanywa chai. Akamkuta Luhende na picha kifuani.

"Hii nini?"

"Mama yangu, afande."

"Mama yako? Hii ni ishirini, we mjinga. Mimi sijui pesa?" Akaigeuza. "Alaa! Nyuma nyeupe pe! Haina namba, haina sahihi ya gavana. Kumbe ulikuwa hujamaliza kuichapa!"

"Afande, ni picha tu. Ni mama, yuko shambani."

"Kwa hiyo mama yako ni pesa?"

Luhende akatabasamu, kwa woga, kama mtu anavyotabasamu akizidiwa. Mwanya ukaonekana. Sajini akaandika: mtuhumiwa anafurahia kosa.

Adhabu ya kughushi fedha katika nchi yetu ni kifungo cha maisha mara mbili. Ukimaliza ya kwako, ndugu wa karibu anaingia kumalizia ya pili. Ni adhabu ya kifamilia, inaimarisha undugu.

Habari zikamfikia Milembe kijijini. Hakungoja. Alipanda lori la marobota ya pamba, juu kabisa, pamoja na kapu lake, na alipofika kituo cha polisi akawaambia picha ile ni yake. Wakamcheka mpaka wakachoka, kisha wakamwonea huruma wakamwelekeza hapa. Mamlaka ya kutenganisha halisi na bandia, ndugu wageni, nchi nzima, ni sisi.

*

Mkurugenzi wetu ni Dakta Kazimbaya. Ni daktari wa nini, wapo waliouliza, na sasa hawana kazi. Milembe alipoingizwa ofisini, Dakta hakuinua kichwa. Alisubiri aamkiwe. Yule mama, mwenye umri wa kumzaa yeye na kaka yake, akasimama na kapu mkononi, akaelewa, akameza hasira.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Sema shida yako kwa kifupi, historia inatusubiri."

"Baba, nimemfuata mwanangu. Hajaghushi kitu. Yule wa kwenye noti ni mimi. Mkikubali kwamba ni mimi, basi ile ni picha ya mama yake tu, wamwachie twende zetu. Sina la zaidi."

Dakta akaita Kamati ya Uhalisi. Ina wajumbe watatu: yeye, shemeji yake, na mashine ya kukagulia noti, ambayo iliharibika zamani lakini ina haki ya kupiga kura. Akafungua kikao kwa hotuba. "Ndugu wajumbe," alisema, "tunakutana katika kipindi nyeti cha karatasi ya taifa. Maadui wetu hawalali. Jana walighushi noti, leo wanaghushi wazee, kesho watatughushi sisi wenyewe, na nani atatutambua?" Shemeji alipiga makofi. Mimi pia nilipiga, nilikuwa nimeshika mlango lakini nilipiga.

Kisha vipimo. Noti hapa kwetu inapimwa kwa njia tatu, wanafunzi wote wanazijua: papasa, mulika, inamisha.

Wakampapasa. Shemeji alimsugua viganja akasema noti halali ikitumika sana inakuwa laini, huyu katumika sana na amekuwa kama kwato. Wakammulika. Walimsimamisha dirishani jua likiwa nyuma yake, Dakta akafumba jicho moja, akatafuta uzi wa usalama na kile kivuli cha ndege kinachoonekana kwenye noti zote. Hakikuwepo. "Mwanga haupiti kabisa," alisema, na sauti yake ilikuwa na masikitiko. Wakamwinamisha. Walinzi wawili walimshika wakamkunja kwa nyuma taratibu mpaka mgongo ukalia. Noti halali ukiiinamisha inabadilika rangi. Tuwe wakweli, alibadilika, lakini alikwenda kwenye kijivu, na kijivu ni rangi ya noti ya hamsini.

"Fungua mdomo," Dakta alisema. Meno ya mbele hayakuwepo. "Mwanya upo, ila umeenea mdomo mzima."

"Nimezeeka, baba," Milembe alisema akiwa bado amekunjwa. "Watu si wanazeeka?"

"Noti haizeeki, mama. Ikichakaa tunachapa nyingine. Wewe umezembea."

Shemeji akapiga kura. Dakta akapiga kura. Mashine ilinyamaza, na kunyamaza kwake kukaandikwa kuwa ni kukubali. Milembe akatangazwa bandia kwa kauli moja. Mhuri nilishika mimi. Ni ule mwekundu mkubwa, na nilimgonga kwenye paji la uso mara mbili, maana ya kwanza haikukolea vizuri kwa sababu ya makunyanzi.

*

Mtu mwingine pale angeangua kilio. Yule mama ana kichwa kigumu, sijapata kuona. Alifuta wino uliomwingia jichoni, akaliokota kapu lake.

"Sawa," alisema. "Mimi ni bandia, mmenipima wenyewe. Sibishani na wasomi. Mleteni basi mwanangu. Kila mtu kijijini anajua amenifanana mimi mtupu, hata baba yake alikuwa analalamika. Mwekeni na noti, mtazame."

Dakta hakutaka, alikuwa anakwenda kula. Lakini ikaonekana kwamba noti iko pale, mtuhumiwa yuko selo ya jirani, na bajeti ya vipimo ilikuwa haijaisha. Luhende akaletwa. Pingu zilikuwa zimemvimbisha mikono na hakuwa akinyanyua macho. Mama yake akavua kilemba chake akamfunga kijana kichwani, polepole, akimfuta damu ya puani kwa ncha ya kitambaa. Akamtwika kapu. Mimi nikaishika noti karibu na shavu lake.

"Tabasamu," Dakta aliamuru.

Hakuweza.

"Tabasamu, baba yangu," mama akamwambia. "Kidogo tu, tuondoke hapa."

Akatabasamu.

Jamani! Mimi nimeona mengi kazini, lakini hilo sikuwahi. Ilikuwa sura ileile! Mwanya uleule, shavu lilelile lililobonyea upande mmoja, jicho moja dogo kuliko lingine. Ukimtazama yeye kisha noti, noti kisha yeye, hujui aliyetangulia. Shemeji akakaa chini. Hata mashine, nasikia, ilitoa mlio.

Dakta Kazimbaya akapanda juu ya kiti. "Huyu," alitamka, "ni halisi! Na noti haiwezi kujighushi yenyewe. Shtaka limekufa!"

Milembe akapiga vigelegele. Alipiga mpaka wapita njia wakachungulia dirishani, akamshika mwanawe usoni kwa mikono yote miwili, akamzungusha, kapu likaanguka. Luhende alikuwa analia na kucheka. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka, sioni aibu kusema, kwa fahari ya kufanya kazi na taasisi inayotenda haki.

"Haya, mwanangu, twende," mama alisema. "Lori linarudi mchana."

"Unakwenda naye wapi?" Dakta aliuliza akishuka kitini.

"Nyumbani, baba."

"Mama, umemsikia nani akichukua fedha halali ya taifa akaenda nayo nyumbani tu? Huyu ni mali ya Hazina."

Milembe akacheka, na mhuri wake kwenye paji. Alidhani anataniwa. Luhende akapigwa namba shingoni, kwa wino mzuri, wa kijani, akafungwa ule ukanda wa karatasi wa kufungia vitita, kiunoni, akapelekwa kwenye handaki la Hazina. Mahali penyewe ni pakavu, hapana panya wala mvua. Ni wananchi wangapi wanalala hivyo? Na kwa kuwa bandia hawaachwi wakazagaa mitaani na kuchanganya watu, Milembe akawekwa kwetu, kwenye kabati la kioo pale mwisho wa chumba hiki, kwa ajili ya elimu. Tukatoboa matundu ya hewa. Sheria haikutulazimisha, ni roho nzuri tu ya Dakta.

*

Msidhani aliteseka. Kila Ijumaa Hazina walikuwa wanatoa vitita kuja kuvianika kwenye ua wetu, ili noti zisipate ukungu, na Luhende akawa analetwa pamoja nazo. Kabati linatazama uani. Alikuwa anakaa juani katikati ya vitita, na ukanda wake kiunoni, na mama akibandika kiganja kwenye kioo. Hawakusikiana, kioo ni kinene. Walikuwa wanaonyeshana kwa ishara: umekula? Nimekula. Umelala? Nimelala. Mama akawa ananiambia, "Amenenepa kidogo, si ndiyo, mwanangu? Hebu mwangalie. Gereza lingemuua yule. Mungu ni mkubwa." Nikawa namjibu ndiyo, bibi, amenenepa. Akaanza hata kunisimulia kijana alipokuwa mdogo, mambo ya kuchosha, alivyoanguka kisimani, alivyokuwa anaogopa jogoo.

Ndipo Mtukufu Mlezi akaamua kuwa kijana zaidi.

Tangazo lilisomwa redioni na bendi ikapigwa. Noti mpya zitatoka, Mtukufu akiwa na miaka ishirini na tano, na nyuma ya ishirini Binti wa Pamba atatolewa, kwa kuwa pamba yenyewe imekufa, atawekwa tembo anayesoma gazeti. Noti zote za zamani zinaondolewa kwenye mzunguko na zitachomwa hadharani, katika tanuri la Makumbusho, na atakayebaki na hata moja atahesabiwa kuwa amekusudia kupindua serikali. Nchi nzima ilishangilia. Wasioshangilia nao walisaidiwa wakashangilia.

Milembe aliniuliza, "Kuondolewa kwenye mzunguko ndiyo kufanywaje?"

Nikamwambia, nikidhani anajua. Uso wake sitausimulia. Nitasema tu kwamba nilikasirika, maana si mimi niliyetangaza.

*

Siku ya siku, ua ulijaa. Walikuja mabalozi, walikuja wanafunzi na bendera ndogo, ikaja bendi ya magereza. Vitita vikatolewa Hazina kwa mpangilio wa namba, na karani akawa anaita. Inaitwa namba, kinaingia kitita. Kazi safi, haikuwa na fujo. Ilipofika zamu ya noti za ishirini, karani akaita namba ya kijani, na Luhende, aliyelelewa vizuri na mama yake, akaitika, "Naam."

Mama huku ndani alikuwa anapiga kioo kwa ngumi zote mbili.

"Nilidanganya!" alipiga kelele. "Hafanani na mimi! Mtazameni vizuri, jicho lake si hilo, mwanya wake si huo! Nilisema uongo, jamani, nifungeni mimi! Yule ni bandia! Mwanangu ni bandia, mrudisheni gerezani! Maisha mara mbili, na mimi nitakaa naye!"

Dakta Kazimbaya aliacha mabalozi wamekaa, akaja mwenyewe mpaka kwenye kabati. Nani angefanya hivyo? Alisimama mikono nyuma akamsikiliza mpaka akaishiwa sauti.

"Mama," alimwambia kwa upole kupitia matundu, "wewe mwenyewe ni bandia. Ushahidi wa bandia nitaupokeaje?"

Akarudi kwenye kiti chake.

Wageni wengi huniuliza kama kijana alisema kitu. Alisema. Aligeuka huku, ingawa hakuwa anatuona kwa sababu ya jua kwenye kioo, akapaza sauti, na safari hii kelele za bendi zilikuwa zimekatika kidogo, tukasikia.

"Mama, fumba macho."

Hakufumba. Nilikuwa nimesimama karibu, nathibitisha. Bendi ikaendelea. Na kwa taarifa ya wale waliokuwa bado na shaka, moshi wake ulikuwa wa rangi ileile ya noti nyingine zote, kwa hiyo uhalisi wake sasa hauna mjadala. Dakta alipandishwa cheo wiki ileile. Hotuba aliyotoa ilikuwa nzuri mno, ipo kwenye kanda, inauzwa pale mlangoni.

*

Sasa sogeeni. Taratibu. Huyu hapa ndiye. Ndiyo, huyo aliyekaa kwenye kigoda. Mhuri bado unasomeka, tunaupitishia wino kila mwaka mpya. Bandia haichomwi, ndugu wageni, bandia ni kielelezo, inatunzwa milele. Tunampa uji asubuhi na maharage jioni, na akiugua tunamleta daktari wa samani.

Atawauliza kitu. Anamuuliza kila mgeni, mkubwa kwa mdogo: "Mwanangu, huna ishirini ya zamani?" Wengine hudhani ni ombaomba, wanampitishia hizi mpya za tembo kwenye matundu, anazisukuma nje. Hataki kununua kitu. Anataka kuiona tu. Ile picha ya kifuani, aliyorudishiwa shtaka lilipokufa, iliungua na mwenyewe, na ya kijana hakuna hata moja, hakuwahi kupigwa. Eti sura ile ya kwenye noti siyo yake tena, ni ya Luhende. Nimemweleza mara ngapi kwamba zote zimeteketezwa kwa mujibu wa sheria? Ananitazama tu. Inaniudhi, siwafichi. Kula ugali wako wa mchana mbele ya macho yale kama unaweza.

Msimu wa mvua alikuja mwalimu mmoja na darasa lake. Mtu mtaratibu, miwani, hana hili wala lile. Aliposikia swali akawaambia watoto watangulie nje, akafumua upindo wa sketi yake, akatoa ishirini ya zamani, imekunjwa kama dawa ya unga iliyofungwa kwenye karatasi. Akaibandika kwenye kioo. Bibi aliinuka. Ana miguu mibovu lakini aliinuka, akaja akaweka shavu lake pale kwenye kioo, juu ya noti, akakaa hivyo. Nikamsikia anaiuliza, "Umekula?"

Mimi si mtu mwenye roho mbaya. Nilimwacha amalize, ndipo nikapiga filimbi. Watoto walirudi shuleni peke yao.

Basi, ziara imekwisha. Kuna maswali? Hakuna. Mlango wa kutokea ni huo wa kulia, na atakayependa kuchangia ukarabati kuna sanduku... Wewe, dada. Wewe mwenye kitenge cha zambarau. Mbona umeinama unavua kiatu? Kimekubana?

Aa. Hapana, hapana, usikirudishe. Wengine mpisheni apite. Sogea mpaka kwenye kioo, dada yangu, usiogope. Ikunjue vizuri, uweke huo upande wa nyuma, na uishike chini kidogo, bibi siku hizi haoni vizuri. Hivyo hivyo. Mwache aitazame.

Sina haraka, mpe muda wake.